Bomba Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mkuu ameniita ofisini kwake, akaniwekea mbele faili nene lenye doa la kahawa kwenye jalada, akasema, "Hili ni lako." Nilipoona ni kiwanja gani nililifunga tena. Ni kile cha kiwanda cha rangi kilichofungwa, juu ya Mtaa wa Chini. Kwetu.

Kuna kampuni ya juisi inataka kujenga pale. Ajira mia tatu, anasema Mkuu, na hiyo mia tatu aliitamka polepole kama anayeonja chumvi. Lakini kampuni haigusi jembe mpaka Manispaa itoe cheti kwamba ardhi iko tayari: hati, mipaka, barabara, umeme, mitaro, udongo, na maji ya chini ya ardhi. Yote yamewekewa alama ya vema isipokuwa mawili ya mwisho, na hayo ndiyo kazi yangu. Sharti ni kupima msimu mzima wa mvua, kwa sababu uchafu uliotulia ardhini wakati wa kiangazi huanza kutembea maji yakipanda.

"Mkuu," nikasema, "pale kila mtu anajua pana sumu."

"Kila mtu anajua," akanijibu. "Hakuna aliyepima."

Nimenunua daftari hili nikirudi nyumbani. Ya kazi nitayaandika kwenye fomu. Haya ya humu ni yangu.

Jumanne, 4 Machi

Dereva wa ofisi, ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo, aliniuliza njia nzima nani atakunywa juisi itakayotoka pale. "Mimi nitanunua chupa moja," alisema, "nimpe mama mkwe kwanza."

Mlinzi wa geti ni yuleyule. Zamani alikuwa mtunza stoo wa kiwanda. Sasa ana mvi, amekonda, lakini shati amepiga pasi. Sisi watoto wa mtaa tulikuwa tunamwita Bwana Sumu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kisima chetu kilipoanza kunuka na maji kufanya rangi za upinde wa mvua juu yake. Watu waliharisha. Mimi niliota vidonda mikono yote, nikapata homa, Baba Mdogo akanibeba mgongoni mpaka hospitali, na makovu ninayo hadi leo. Wakasema mtunza stoo alimwaga mapipa ya dawa za kuyeyushia rangi shimoni ili asihangaike kuyasafirisha. Polisi walimchukua, wakamweka wiki tatu, wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Mtaa haukumwachia. Ni miaka kumi na minane sasa.

Alinisogezea daftari la wageni. "Andika jina, unakotoka, na unayemtaka."

Niliandika. Sikumsalimu. Mkono wangu ulikataa na mdomo pia.

Ijumaa, 7 Machi

Mabomba ya kupimia yamechimbiwa, saba. Namba Moja liko juu kabisa, hatua mbili kutoka uzio wa upande wa barabara. Hilo ni la kulinganishia: linaonyesha maji yalivyo kabla hayajaingia kiwanjani. Mengine sita yametapakaa ndani, mawili kati yake kando ya stoo ya zamani.

Jumatatu, 10 Machi

Namba Moja: maji mita 6.2 kwenda chini. Namba Nne, pale kwenye stoo: mita 5.8. Jua kali. Chupa zimekwenda maabara kwenye sanduku la barafu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna la kuandika. Viatu vimenikata.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Namba Moja: mita 5.9. Mzee wa getini ana kopo lake alilolichora mistari, anapima mvua kila asubuhi tangu mwaka aliopewa kazi ya ulinzi. Hakuna aliyemwagiza. Alinisomea: "Milimita kumi na nane." Nililinganisha na kipimo chetu cha ofisi. Kumi na nane.

Jumatatu, 24 Machi

Majibu ya kwanza: mabomba yote saba safi. Udongo safi. Hata wa kwenye stoo.

Nimempigia dada wa maabara nikamuuliza kama ana uhakika chupa hazikuchanganywa na za watu wengine. Alinijibu kwa sauti ya mtu anayehesabu mpaka kumi. Baadaye nikafikiri: mzee ana funguo zote za geti, na vifuniko vya mabomba vinafunguka kwa mkono. Nani ajuaye anafanya nini nikiondoka? Nimenunua kufuli saba.

Jumatatu, 31 Machi

Nilipokuwa nafunga kufuli la mwisho mzee alikuwa amesimama karibu, ameshika mwavuli wake.

"Ni vizuri," alisema. "Hata mimi ningeweka."

Niliona aibu, nikajifanya natafuta kalamu.

Jumapili, 6 Aprili

Chakula cha mchana kwa Baba Mdogo, kama kila Jumapili. Baba yangu alipofariki, huyu mdogo wake ndiye aliyenilea, na kwangu yeye ni baba, hilo "mdogo" ni la kutaja tu. Gereji yake iko mbele ya nyumba, kwenye barabara ya juu. Nusu ya magari ya mji huu yamelala pale wakati fulani.

Nilimwambia vipimo vya mwanzo vinatoka safi. Aliweka kijiko chini.

"Safi? Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

"Basi pima mara kumi, mwanangu. Mimi nilikubeba. Ulikuwa unawaka kama pasi. Yule mtu nilisimama mbele ya mtaa mzima nikamwambia usoni alichokifanya, na sijawahi kujuta."

Mama Mdogo, mkewe, alituhamishia mazungumzo kwenye ndoa ya jirani. Nilimshukuru moyoni.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua ilitukamata, tukajificha ndani ya stoo ya zamani, mimi na mzee. Paa linavuja pembeni, lakini sakafu ni ya zege nene, haina hata ufa. Alianza kusema bila kuulizwa, macho yakiwa kwenye mvua.

Kila pipa lililoingia kiwandani, alisema, lilirudi na lori lililolileta. Aliyasimamia mwenyewe yakipakiwa. Aliwaambia polisi, akawaambia watu wa mtaa, akamwambia mwenye kiwanda, ambaye alikuwa tayari anafunga biashara kwa sababu zake na hakuwa na muda. "Mke wangu alipofariki," alisema, "tulimzika watu saba. Mimi, binti yangu, na wachimba kaburi watano."

Mvua ilipopungua alikwenda kusoma kopo lake.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi getini nilimwambia, "Shikamoo, mzee."

Aliinua macho, kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hajalisikia siku nyingi. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea daftari la wageni. Bado natakiwa kuandika jina.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya siku nne mfululizo. Mtaa wa Chini maji ya mifereji yamekatika tena na watu wamekirudia kisima, wanasema wanafulia tu. Wanafulia na kunywa.

Namba Moja: mita 2.1. Nilipofungua kifuniko harufu ilinipiga usoni. Niliijua kabla sijaifikiria. Nilipochota, juu ya maji palikuwa na zile rangi za upinde.

Mabomba mengine sita: maji angavu.

Namba Moja. Lile la juu. Lile linalotakiwa kuwa safi kuliko yote.

Jumanne, 15 Aprili

Nimechota tena, kwa chupa mpya na glavu mpya. Vilevile.

Jumanne, 22 Aprili

Dada wa maabara amepiga mwenyewe. Namba Moja lina oili chafu ya mashine, na madini ya risasi kama yale ya betri za magari. Dawa za kuyeyushia rangi: hamna. Hata chembe. Na chupa niliyochota kisimani, kwa hiari yangu, ina uchafu uleule wa Namba Moja, ila hafifu zaidi.

"Hapo juu ya uzio wenu kuna nini?" aliuliza.

Nilimwambia ni barabara.

Jumatano, 23 Aprili

Mkuu alisoma majibu mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo ardhi ya kiwanja ni safi."

"Ni safi, Mkuu. Uchafu unatoka juu, nje ya kiwanja. Nadhani unapita pembeni ya uzio."

"Basi hilo bomba lisogeze. Chimba lingine hatua kumi kuelekea ndani. Kanuni inaruhusu. Hutakuwa umeandika uongo hata mstari mmoja."

"Na kisima?"

"Kisima hakimo kwenye faili hili."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, ila alianza kuifuta miwani kwa ncha ya tai, akaendelea kuifuta hata ilipotakata. "Nyumbani nina watoto watatu wa marehemu dada yangu," alisema. "Wamemaliza shule, wanaangalia dari. Nikichelewesha cheti, kampuni inakwenda mji mwingine. Usinione mtu mbaya."

Sikumwona mbaya. Ningemwona hivyo ingekuwa rahisi. Nimeomba wiki mbili.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilimwonyesha mzee majibu. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akakunja karatasi, akanirudishia. Hakucheka wala hakulia. Alisema tu, "Njoo."

Alinipeleka nyuma ya vichaka, kwenye uzio wa juu, akafukua majani kwa buti. Chini yake kuna karavati la zamani, mtaro uliofunikwa, ulikuwepo kabla hata ya kiwanda. Unatoka upande wa barabara, unafuata uzio, unapita kando ya Namba Moja tu na kuyaacha mabomba mengine mbali, unateremka mpaka Mtaa wa Chini. Unapita nyuma ya kisima.

"Na huku juu unaanzia wapi?" nikauliza.

Tulisimama wote tukitazama ng'ambo ya barabara. Kutoka pale unaona ukuta mmoja tu, wa mabati, umepakwa bluu. Nilishika mkebe wa hiyo bluu mwenyewe wakati unapakwa, nikiwa kidato cha pili.

"Ulikuwa unajua?" nikamgeukia.

"Nilikuwa nadhani."

"Miaka yote hii? Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mimi nilinyooshewa kidole bila ushahidi, nikaona kinavyouma. Nimnyooshee mwingine kwa sababu ya harufu?" Akarudisha majani juu ya karavati kama anayemfunika mtu shuka. "Wewe una vipimo. Mimi nilikuwa na pua tu."

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kula. Nimemwambia Mama Mdogo kichwa kinauma, na si uongo.

Jumatatu, 28 Aprili

Namba Moja: mita 1.7. Inanuka.

Alhamisi, 1 Mei

Nimekwenda. Naandika nikiwa nimekaa kitandani na viatu vyangu vya kazi, sijavivua.

Ni sikukuu ya wafanyakazi na Baba Mdogo alikuwa kazini, kama nilivyojua. Nilimkuta chini ya gari, miguu ndiyo inaonekana. Nilikaa juu ya tairi, mahali pangu pa siku zote. Alinitania kutoka chini: kichwa kimepona, au kilikuwa kichwa cha uvivu?

"Baba, oili chafu mnamwaga wapi?"

"Shimoni. Si unalijua? Tulikuwa tunakukataza kulisogelea."

"Na maji ya betri?"

"Humohumo." Akajivuta nje, akakaa, akafuta mikono. "Lile shimo ni zuri ajabu. Nimelichimba mwaka niliofungua gereji, ukuta wa mawe mpaka chini. Halijawahi kujaa. Wenzangu wanahangaika kuzibua, mimi langu halijai hata masika. Nilikuwa nasema nina bahati."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikaona kicheko kikimwisha taratibu, kuanzia machoni.

Nilimweleza. Namba Moja, karavati, maabara, kisima. Nilieleza kwa maneno ya kazini kwa sababu ya nyumbani yaligoma. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nani kakutuma?" alisema. "Yule mzee?"

"Hakuna aliyenituma."

"Amekujaza maneno. Miaka kumi na minane amekaa pale getini akisubiri mtu wa kumbebesha mzigo wake."

"Yeye ndiye hakutaka kusema, Baba."

Alisimama, akapiga kofi bati la gari, vijana wake wawili wa gereji wakatoweka nyuma. "Mimi ndiye nilikubeba! Mimi! Ulikuwa unatapika mgongoni mwangu. Sikula siku mbili. Mimi ndiye nikutie sumu?"

"Ulinibeba," nikasema. "Najua ulinibeba. Hukujua."

Nilitaka kumshika mkono. Aliurudisha nyuma, akautazama, mweusi wa oili mpaka kwenye kiwiko, akautazama muda mrefu.

"Nenda," alisema. "Nina kazi."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilipita kisimani, kulikuwa na mama anajaza ndoo, nikamwambia asinywe maji yale. "Tutakunywa nini?" akaniuliza, wala si kwa ubaya.

Jumatatu, 5 Mei

Namba Moja: mita 1.5. Nimebandika tangazo kisimani. Kesho litakuwa limeshalowa.

Jumatano, 7 Mei

Mama Mdogo amepiga simu. Anasema Baba Mdogo amefunga gereji, hali chakula, amechukua kiti ameketi akitazama shimo. "Jana kamwaga ndoo ishirini za maji humo ndani, moja baada ya nyingine," alisema. "Yakaisha yote. Akamwaga nyingine. Mwanangu, hilo shimo lina nini?"

Nikamwambia. Akasema nile vizuri, akakata.

Ijumaa, 9 Mei

Wiki mbili zangu zimekwisha. Nimemwambia Mkuu sitasogeza bomba. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Aliniuliza swali moja tu: gereji ile ni ya nani? Nilipomjibu alikaa chini.

"Na mimi nilikwambia usogeze," alisema. "Ungesogeza, ungekuwa umemwokoa baba yako, na wala nisingejua kwa nini."

"Ndiyo, Mkuu."

Alitazama dirishani. "Lete uthibitisho ambao hakuna mwanasheria atakayeutoboa. Kampuni nitaisemesha mimi."

Uthibitisho upo: ile rangi ya kijani ya kufuatilia maji, isiyomdhuru mtu. Unaimwaga shimoni, unasubiri itokee wapi. Lakini siwezi kuimwaga kwenye shimo la mtu bila ruhusa yake.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nilikuwa Namba Tano, nimepiga magoti kwenye tope, nikasikia sauti za watu wawili getini. Nikasimama.

Baba Mdogo, amevaa ovaroli ya kazi, ametota chapachapa. Mbele yake mzee na mwavuli wake. Hawajasimama hivyo, uso kwa uso, tangu siku ile mbele ya mtaa mzima. Nilianza kukimbia, kisha nikapunguza, kisha nikasimama kabisa.

Mzee alimsogezea daftari la wageni. "Andika jina, unakotoka, na unayemtaka."

Baba Mdogo alitazama lile daftari. Nikajua sasa atalitupa. Badala yake alifuta mkono kifuani, ambako kulilowa zaidi ya mkono, akachukua kalamu, akaandika. Mzee akamshikia mwavuli juu ya daftari, si juu ya kichwa. Karatasi isilowe.

Baba Mdogo alipita akanijia. Macho mekundu.

"Mwaga hiyo rangi yako," alisema, akageuka, akaondoka.

Baadaye nilisoma daftari. Kwenye nafasi ya unayemtaka alikuwa ameandika majina mawili. La kwanza si langu.

Jumatano, 14 Mei

Dereva alizunguka mtaani na kipaza sauti tangu jana: msiogope, maji yatakuwa ya kijani, ni kipimo, msinywe. Hata hivyo watu walifurika kisimani kama kuna mechi.

Saa mbili kamili asubuhi Baba Mdogo alimwaga rangi mwenyewe. Hakukubali niishike mimi. Kisha akateremka kwa miguu mpaka kisimani, hakupanda gari.

Saa tatu na dakika arobaini: Namba Moja, kijani. Mengine sita hayana kitu.

Nikateremka mbio kwenye tope. Kisimani watu walinipisha. Baba Mdogo alikuwa ameshika kamba. Alishusha ndoo, akapandisha: maji ya kawaida. Akasubiri. Akashusha tena, ya kawaida. Nilisikia mtu nyuma akisema, "Mnaona? Si yeye," na sauti ikiwa na furaha, maana wanampenda. Mara ya tatu. Mara ya nne.

Mara ya tano, saa nne na dakika ishirini na tano, ndoo ilitoka kijani kama majani machanga.

Baba Mdogo aliishusha ndoo chini taratibu, asimwage hata tone, akachuchumaa karibu nayo. Akanishika mkono, akakunja mkono wa shati langu mpaka kwenye makovu, akayatazama moja moja. Mimi nikalia hadharani, nikiwa nimevaa sare ya Manispaa, na Dereva, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakosa la kusema.

Jumapili, 18 Mei

Mkutano wa mtaa, darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mkuu alikuja, ingawa ni Jumapili, akasoma matokeo kwa lugha ya ofisi mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Ndipo Baba Mdogo akasimama.

"Mnanijua," alisema. "Wengi nawadai shukrani, na wengi mmenipa. Leo nawarudishia. Kisima nilikiharibu mimi. Sikujua. Lakini siku ile niliposimama hapa nikamtaja mtu, nilisema najua. Hilo ndilo kosa langu. Shimo ni bahati mbaya. Ulimi wangu haukuwa bahati mbaya."

Akamgeukia mzee, aliyekaa dawati la mwisho karibu na mlango, shati limepigwa pasi. "Nilikuzulia. Nakuomba radhi mbele ya walewale."

Watu wote waligeuka. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti. Nikamwona mzee akishika ukingo wa dawati, akanyanyuka kwa taabu, dawati lilimbana magoti. Nilidhani atamwaga ya miaka kumi na minane yote, na nani angemlaumu?

"Nimesikia," alisema. Kisha akamgeukia Mkuu. "Watu hawa watakunywa maji gani wiki hii?"

Mkuu alipekua karatasi zake.

"Mifereji inatoka siku mbili kwa wiki," mzee akaendelea, "na kisima sasa mmekifunga. Mmetuletea majibu. Leteni na maji."

Pale pale, juu ya dawati la mtoto, Mkuu aliandika kwa mkono wake agizo la malori ya maji, akatia sahihi, akampa mzee alisome kwanza.

Jumanne, 20 Mei

Lori la maji limefika. Limechelewa saa tatu, lakini limefika.

Jumatatu, 26 Mei

Wameanza kuchimbua shimo. Udongo ni mweusi, unang'aa. Baba Mdogo yumo na koleo, wamemkataza, hasikii. Gereji imefungwa rasmi. Vijana wake wawili wamepata kazi kwingine, yeye bado.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda kula. Baba Mdogo akaniomba nimsogezee chumvi, kisha akaniuliza kama nimekondea kazi au mapenzi. Mama Mdogo akacheka mpaka akajifuta machozi. Sijui yalikuwa ya kicheko.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekatika. Namba Moja: mita 3.8. Harufu hafifu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetia sahihi. Ardhi ya kiwanja iko tayari. Ukurasa wa Namba Moja umo wote, na karavati, na kisima, na sharti kwamba bomba hilo liendelee kupimwa misimu miwili zaidi. Kampuni ilisuasua, ikatuma mhandisi wake, akasoma, akasema afadhali ripoti yenye ubaya ndani yake, ameshaona nyingi mno zisizo na ubaya. Watajenga, ila wamesogeza mwanzo miezi sita. Wale watoto watatu wataangalia dari miezi sita zaidi, na Mkuu hajaninunia.

Kwenye cheti kuna mstari wa historia ya kiwanja. Niliandika kwamba hakuna kumbukumbu wala dalili ya mapipa kuzikwa, na kwamba stoo ilitunzwa ipasavyo. Mstari mmoja. Nilimpelekea mzee nakala. Alisoma kwa kidole, akauliza kama anaweza kubaki nayo.

Ijumaa, 20 Juni

Mzee anahama. Nilidhani kampuni imemtoa getini, nikawa tayari kwenda kugombana, akanizuia.

"Naondoka mwenyewe. Binti yangu ananiita miaka yote, kwake kuna nafasi. Ila ningeondoka zamani wangesema nimekimbia." Alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye gazeti, kimoja kimoja. "Sasa ni kuhama tu, kama watu wengine."

Nilimuuliza kama amemsamehe Baba Mdogo. Alifikiri, akiwa ameshika kikombe.

"Bado. Nimemwambia hivyo. Akasema sawa, akauliza gari lije saa ngapi."

Saa tatu lilikuja gari dogo la mizigo, na Baba Mdogo kwenye usukani. Watu kumi na kitu wa Mtaa wa Chini walikuja nyuma yake, wakabeba godoro, meza, viti, majirani ambao walikuwa hawajawahi kuvuka kizingiti chake. Walikuwa wanatembea kwa uangalifu, kama ndani kuna mtu amelala.

Baba Mdogo na mzee walikataa kusaidiwa kufunga kamba. Baba Mdogo anataka ipite juu ya godoro, mzee anasema hapana, ipite chini ya meza, miaka ishirini amepakia malori, afundishwe leo kufunga mzigo? Baba Mdogo akasema na yeye ameyatengeneza hayo malori. Wakafungua, wakafunga upya. Wakafungua tena. Nimewaacha pale saa tano kasoro, kila mmoja ameshika ncha yake, hakuna anayeachia.